Goti Langu na Msaragambo

Jamani, bado naona aibu, lakini acheni niseme.

Nilifanyiwa upasuaji wa kano ya goti baada ya kuumia kwenye mechi ya walimu na wanafunzi. Mwenyekiti wa kitongoji akatangaza kwamba nisiitwe kwenye msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, mpaka niache magongo. Sehemu yangu akawa anailima jirani yangu, Mama Nakijwa.

Basi magongo nikayapenda! Hata miezi ilipopita na goti likapona, wiki tatu nzima nilitembea vizuri tu nyumbani kwangu, ila nikitoka nje nayakumbatia.

Jumamosi baragumu likalia. Nikajua watu wote wamepanda juu kuzibua mfereji, nami nikayaacha magongo nyumbani, nikashuka njia ya chini kufanya mazoezi. Mtaalamu wa viungo wa hospitalini alikuwa ameniruhusu kukimbia taratibu. Weee! Goti likakubali! Sikusikia maumivu hata chembe. Nikaongeza mwendo, nikarusha mikono, nikahesabu kwa sauti kama askari: "Moja! Mbili! Moja! Mbili!" Kona nikaikata kwa kuruka.

Kumbe siku hiyo msaragambo ulikuwa wa kutengeneza njia ya chini.

Majembe yote yakasimama. Sijui nini kilinituma, nikaanza kuchechemea.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Mwalimu. Pole na mguu."

Mama Nakijwa akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akanikabidhi jembe lake, akasema kwa upole kabisa:

"Mwalimu, mguu uliopasuliwa si huo. Ni ule mwingine."