Neema alipokufa jukwaani

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Mko wazima?

Mchana huu nilishuka Moshi mjini kumwona mwanangu Neema akiimba opera, ule mchezo ambao hata ugomvi unaimbwa.

Katikati ya wimbo akashika kifua, magoti yakalegea, akaanguka.
Hivyo hivyo alivyoanguka marehemu baba yake kwenye migomba.

Watu wakapiga makofi. Jamani, makofi.

Nikakimbilia jukwaani nikilia, "Yesu wangu, na huyu tena?"

Neema akafumbua jicho moja. "Mama, rudi ukakae. Sijamaliza kufa."

Ukumbi mzima ukacheka.

Baadaye nikamuuliza nani kamfundisha kuanguka vile.
"Si nilimwona baba, Mama."

Nimeshindwa kula. Jumapili anakufa tena, na ameniwekea kiti cha mbele. Niende? Nijibuni mapema.