Mstari wa Kilian

Oliva wa Lituhi alitolewa shuleni darasa la tatu ili alee watoto wa kaka yake. Mmoja wao, Aurelia, alifika mpaka chuo kule Songea, akarudi na kompyuta begani na deni la shukrani. Akaanza kumfundisha shangazi yake PHP, lugha ya kuandikia kurasa za mtandao.

Oliva alikuwa na miaka arobaini na sita na sababu moja tu ya kujifunza. Kikundi cha wauza usipa, dagaa wa ziwani, kilitaka ukurasa wa kupokea oda za Mbinga na Songea, na mtu wa kuutunza. Lakini katibu wa kikundi alikuwa Kilian, mume aliyemfukuza baada ya miaka kumi na tisa, akabaki na nyumba, mtumbwi na hata kinu. Kilian alishasema kikaoni, "Mkimpa Oliva kazi hiyo, atajaza visa vyake mle."

Walisomea kando ya kichanja cha kuanikia samaki.

"Unaanza na alama hii, <?php," alisema Aurelia. "Bila hiyo mashine haijui kama unaiagiza kazi au unapiga soga. Kitu unachotaka kikumbukwe unakiwekea chombo chenye jina, na mbele ya jina unatia dola. Kama hivi: $umri."

"Dola ya nini? Mimi sijawahi kuishika."

"Ni alama tu, shangazi."

"Nilijua. Vitu vizuri vikinifikia mimi huwa alama tu."

"Halafu kila agizo unalifunga kwa nukta-mkato. Ukiisahau, ukurasa mzima unagoma."

"Kwa kosa dogo namna hiyo? Nimewahi kuishi na mtu kama huyo."

Neno echo alilipenda kuliko yote, maana ukiliandikia maneno linayatoa yote kwenye kioo bila kumkatiza mtu. Akashikilia kwamba ukurasa usimkimbilie mteja na habari za ndoo ngapi kabla ya salamu. Basi wakaandika kwa if, neno la kuwekea sharti: mteja akizidi miaka arobaini na sita, aambiwe Shikamoo, asipozidi, Hujambo.

Aurelia alipokwenda kuoga ziwani, Oliva akachomeka sharti lake mwenyewe: jina likiwa Kilian, ukurasa ujibu, "Hapa hakuna anayekujua." Akaliunganisha chini ya lile la umri, kwa kuwa hakutaka Kilian awe juu ya mtu yeyote.

Siku ya kikao, Kilian aliinyakua simu yenye ukurasa ule yeye mwenyewe. Akaandika jina lake, akaandika miaka hamsini na mitatu, akabonyeza. Hapo ndipo Oliva alipoona kwamba kama ukurasa utamtukana katibu mbele ya kamati, basi kazi imekwenda, na kwa mkono wake mwenyewe.

Kioo kikaandika: "Shikamoo, Kilian. Unahitaji ndoo ngapi?"

"Marahaba," akaitikia Kilian, kabla hajajizuia.

Mwenyekiti, Mama Hedwiga, akavua miwani. "Katibu, ulisema atatuletea visa. Viko wapi? Mimi wangu aliponiacha, nilimsalimia kwa mwiko." Watu wakacheka, Kilian akairudisha simu, na ukurasa akapewa Oliva autunze.

Nje, Aurelia akasoma maandishi, akaliona lile sharti. "Shangazi, masharti yaliyounganishwa mashine huyasoma toka juu kwenda chini, na moja likitimia haiendelei. Imekuta umri wake umezidi, ikamsalimia, ikaishia hapo. Huku chini haikufika."

"Kumbe ningemweka juu ndipo angeipata?"

"Angeipata, na wewe ungeikosa kazi. Nilifute?"

"Usiguse. Kitu kilichofanya kazi mbele ya kamati hakiguswi siku hiyohiyo."

"Na kesho?"

"Kesho mwenye ukurasa ni mimi," alisema Oliva, akaenda kugeuza usipa wake.