Nafasi Tupu Katika Daftari la Bi Suad

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu hainitoki, na nakuandikia leo kwa sababu jana nimekuona unafanya lile lile nililolifanya mie.

Umeingia na simu mkononi, hata abaya hujavua, unalia. "Bibi, yule mwandishi wa Kipalestina kauliwa! Nishawatumia jamaa wote." Nikakuuliza nani kakwambia. Ukanijibu, "Wote wanasema, Bibi." Nilitaka kukugombeza, lakini kabla ya kukugombeza wewe nna langu la kusema.

Siku hizo tukikaa mtaa wa Ruwi, huku huku Uarabuni, mie na babu yako, tumetoka Unguja hata miaka miwili haijatimia. Juu yetu akikaa Bi Suad, Mpalestina, yeye na mama yake. Mama tukimwita Umm Yusuf, kwa jina la mwanawe mkubwa, kama Waarabu wanavyoitana. Yusuf mwenyewe alikuwa mbali, kwenye kambi ya wakimbizi, na huko vita vilikuwa havina mapumziko.

Bi Suad alikuwa mwandishi wa gazeti, tena mara mbili kwa wiki akizungumza kwenye idhaa ya nje, akieleza mambo ya kwao. Akizungumza kwa simu ya nyumbani. Basi kabla ya kuanza akifunga madirisha yote na kuzima kiyoyozi, isisikike kelele yoyote, na joto la Ruwi unalijua. Jasho likimdondoka mpaka kwenye karatasi, na sauti yake imetulia tuli. Mie nilisoma chuo cha Kurani kwa maalim tu, nikaishia hapo. Nikimtazama yule mwanamke mpaka nasahau chungu jikoni.

Alikuwa na daftari. Kila mtu akimwandika kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, na nini kimempata. Asilolijua akiliachia nafasi tupu. Siku moja nikamwambia anapoteza karatasi. Akacheka. "Hapo pana mtu, Zuwena. Sijapata khabari zake bado, ndiyo nimemwekea pahala."

Asubuhi ya ile siku isiyonitoka, Bi Suad yuko kazini, na mie nimepanda juu kumsaidia Umm Yusuf kukata bamia. Yeye yumo chooni anakoga. Simu ikalia, nikapokea. Alikuwa jamaa yao wa kule kambini. Akasema nyumba ya Yusuf imepigwa bomu, Yusuf hajaonekana, Suad akirudi apige simu. Ikakatika.

Hayo tu. Nilimsikia vizuri na Kiarabu chake nilikifahamu vizuri, nisije nikakudanganya. Lakini nilikuwa na umri ule wa kujiona najua. Umm Yusuf akatoka, taulo kichwani, nikamshika mikono nikamwambia, "Mama, Yusuf katangulia mbele ya haki."

Ukelele alioupiga mpaka leo nausikia.

Wala sikutosheka. Sie wanawake wa Kizanzibari tunajuana kwenye misiba: nani kafika mwanzo, nani katandika busati, nani kachemsha kahawa. Nikagonga mlango hadi mlango. Kabla ya adhuhuri nyumba imejaa nguo nyeusi, na mie ndiye ninayeambiwa, "Zuwena, lete hiki, Zuwena, kaa na mama." Nakwambia ukweli, nilijiona mtu.

Bi Suad aliporudi alikuta viatu vimejaa mlangoni. Akasimama. "Nani kafa?"

Wote wakanitazama mie. Akanichukua jikoni, akafungua daftari juu ya zile bamia.

"Aliyepiga simu kasemaje? Neno kwa neno."

"Kasema nyumba imepigwa."

"Halafu?"

"Yusuf hajaonekana."

"Halafu?"

"Basi."

"Na kufa kumetoka wapi?"

"Nilifikiri, Bi Suad..."

Akaandika. Herufi za Kiarabu nazijua, nikaona jina la nduguye, la baba yake, la babu yake, na mtaa wao. Mbele yake akaacha nafasi tupu. Hakuandika zaidi.

Akatoka sebuleni akawaambia wanawake, "Mungu akulipeni, mama zangu. Rudini majumbani. Hapa hapana azaa wala msiba." Mmoja akamtupia, "We Suad, moyo wako wa jiwe! Ndugu yako huyo!" Akamjibu, "Ni ndugu yangu, ndiyo sitaki nimuue mie."

Alasiri ilikuwa zamu yake ya kuzungumza. Nilidhani hatozungumza. Akafunga madirisha, akazima kiyoyozi. Nikakaa chini karibu na mlango, nimezuia pumzi. Akasema nyumba moja imepigwa kwenye mtaa fulani wa kambi, na waliokuwemo khabari zao hazijajulikana. Hakusema nyumba ya nani. Akaendelea na mengine mpaka mwisho, akaweka simu, ndipo akajifunika uso kwa ushungi. Nilimwogopa, mwanangu, kama unavyoogopa ukisimama mbele ya kitu kikubwa kuliko wewe.

Siku ya tatu simu ikaja. Yusuf katolewa chini ya kifusi, kishafariki. Bi Suad akafungua daftari akaijaza ile nafasi.

Na mie, ujinga wa ujana huo, nikasema, "Kumbe sikusema uongo."

Bi Suad hakupandisha sauti. "Ulisema usilolijua. Leo limekuwa, lakini siku ile hukulijua."

Umm Yusuf alikuwa kwenye busati. Akaniita nikae mbele yake. "Binti yangu, Suad alinambia tungoje, na mie nilitaka kungoja. Lakini neno lako lilikwishaingia. Siku tatu nikinyanyua mikono nimuombee uzima mwanangu, ulimi unamuombea maiti. Pengine uhai wake ulikuwa bado upo kule chini. Mie mamake sikuweza kumuombea."

Hakunifukuza. Aliniachia nimmiminie kahawa. Nikamuuliza sasa nimwite nani, akanambia, "Umm Yusuf. Kufa kwake hakuniondolei umama." Nilimwita hivyo mpaka siku alipokufa nikamkosha, na kumkosha mie ndiyo ilikuwa amri yake.

Sasa nakuja kwako. Unasoma uandishi pale chuo kikuu, Al Khoudh, na watu wanakusikiliza kuliko nilivyosikilizwa mie na busati langu. Huyo mwandishi unayemlilia ana mama. Jana nimekwambia ufute, ukafuta, na ukaandika "hatujui bado." Kidole chako kilikuwa kizito, nimekiona. Leo ndiyo siku ya pili, na hatujui bado. Basi mwekee nafasi yake tupu. Kusema hujui si aibu, na kuchelewa hakumuui mtu. Ukipewa maneno mawili, peleka mawili. Na yakija kuwa kweli yale uliyoyabahatisha, usijisifu, kamtake radhi uliyemvunja moyo.

Na maadamu hatujajua, nyanyua mikono umuombee uzima. Mie nimeanza. Mungu akupe moyo wa kungoja alioupata Bi Suad, auhifadhi ulimi wako, na asikuonyeshe mama aliyeshindwa kumuombea mwanawe kwa sababu yako. Amin.