Mwenzangu Aliyejua Kubonyeza Kifua

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa muuguzi hospitalini hapa Gisenyi, Rwanda, nimerudi kutoka Goma, upande wa Kongo, na uzoefu wa miaka kumi na miwili. Tulipoanza kufundishwa kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama, mkufunzi alilaza sanamu ya plastiki sakafuni. Nilibonyeza kifua chake kwa nguvu zangu zote.

“Mama, unakwenda polepole mno,” akaniambia mbele ya wote.

Kisha akapiga magoti muuguzi mpya, msichana aliyekulia Tanzania. Alibonyeza vizuri hata mkufunzi akapiga makofi, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyetusahihisha. Nilimchukia hadi namna alivyofunga nywele zake.

Wiki chache baadaye, mama mmoja wa Rubona, muuza sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, alifika hospitalini mbio na binti yake aliyezama ziwani. Mtoto hakuwa akipumua.

“Dada, mpulizie, mimi nitabonyeza,” mwenzangu aliniambia.

Nilitii. Tuliendelea hivyo hadi mtoto akakohoa, akatapika maji, akalia.

Mama yake alimrukia mwenzangu shingoni. “Aksanti sana, dokta! We ndiye umerudisha mutoto yangu!”

“Hapana, mama, tumefanya wote wawili,” alijibu, akinionyesha.

Mama yule alinipa mkono haraka, akamgeukia tena. Nilitoka nje nikalia, na wenzangu wakadhani ni furaha. Mtoto alikuwa hai kwa pumzi zangu, nami nilimwonea wivu mwenzangu kuliko siku ile ya mafunzo.