Kabla Hujaifunga Tochi Kwenye Bunduki

Siku moja ya ujana wangu haijawahi kunitoka, mwanangu. Jana uliponionyesha zile tochi mbili kwenye simu, ukaniuliza ipi uifunge kwenye bunduki yako ya kazi, nilikujibu kwa mkato nikaingia ndani. Usidhani nilikasirika. Nilimkumbuka Kombo, na sikutaka unione nikilia.

Nilikuwa askari kijana kama wewe leo, tukilinda maghala kule Changamwe. Mwenzangu Mwinyi alikuwa amejinunulia tochi ya bunduki, nzito, ghali, yenye mwanga wa kuchoma macho. Aliringa nayo utadhani bwana harusi. Tochi ya mkononi akaiacha nyumbani, eti ya nini kubeba mbili.

Mchana mmoja umeme ukapotea, ghala likawa giza totoro. Nyuma ya magunia tukasikia kitu kikianguka. Mwinyi alitaka tu kuona ni nini, lakini mwanga wake ulikuwa umefungwa penye mtutu, kwa hiyo alichoelekeza huko ni bunduki. "Nani hapo?" akapiga kelele. Mtu akainuka ghafla, mkono juu. Mwinyi akafyatua.

Alikuwa ni Kombo, kuli wa pale pale ghalani, kijana mcheshi aliyezoea kutuletea kahawa. Alikuwa amejinyoosha kidogo baada ya kazi. Mkononi hakuwa na kitu.

Mwinyi aliwekwa ndani. Mimi na wenzangu wawili tulivaa kanzu tukaenda mazikoni Kisauni, tukasimama nyuma kabisa kwa aibu. Dua ilipokwisha, baba yake Kombo akatujia. Jua lilikuwa kali, limetuelekea usoni. Nikamwamkia, naye akaitikia marahaba. Wallahi, ile marahaba iliniuma kuliko tusi. Nikababaika, nikamwambia mwenzetu alidhani Kombo anamwinulia silaha.

"Hebu itazameni mikono yenu," akasema.

Tukatazamana. Sote watatu tulikuwa tumeinua mikono kukinga jua.

"Na mwanangu alikuwa akikinga macho," akasema, kisha akarudi kaburini.

Basi, mwanangu, kati ya zile mbili chukua ile nyepesi ya bei nafuu. Uzito mbele ya mtutu huchosha mkono, na mkono uliochoka hutetemeka. Usibabaishwe na mwanga mkali, kwani ndani ya nyumba hautakusaidia sana. Cha kuangalia ni kibano kisicholegea bunduki inapopiga, na swichi isiyowaka yenyewe. Mwonyeshe mkubwa wako kwanza, uijaribu kwenye uwanja wa shabaha kabla hujaingia nayo zamu.

Pesa itakayobaki, nunua tochi ya mkononi. Hiyo ndiyo ya kutafutia watu. Ile ya bunduki usimmulike nayo mtu ambaye usingethubutu kumwelekezea mtutu mchana kweupe. Kidole kikae mbali na kifyatulio, na ukimwona mtu ameinua mkono mbele ya mwanga wako, utazame ule mkono vizuri kabla ya jambo lolote.

Mola akurudishe nyumbani salama kila zamu, mwanangu, na kila utakayemmulika naye arudi kwao.