Kompyuta ya Mkono wa Kushoto

Kaka yangu aliikumbuka kompyuta yake Jumapili moja nilipokuwa namkata kucha. Tangu apigwe na kiharusi, maneno humtoka kwa taabu, moja moja, na mengine hayatoki kabisa, kwa hiyo nimezoea kungoja. Nilikuwa nimefika kwenye mkono wa kulia, ule usiosikia kitu, aliponiambia, "Ile... ya bao."

Nikadhani anataka bao la kuchezea, lile la mti. Akatikisa kichwa. Akanyanyua mkono wa kushoto na kugonga vidole hewani kama mtu anayechapa.

"Kompyuta?"

"Enhe," akasema, akafumba macho.

Sikufurahi. Nilichowaza kwanza ni kwamba hiyo ni kazi nyingine. Nafundisha fizikia sekondari moja ya mjini, na nikirudi nyumbani Pongwe jioni, jirani anayemwangalia kaka mchana huwa ameshajitanda kanga yake tayari kuondoka. Hapo siku yangu ya pili huanza. Namgeuza, namwogesha, namnyoosha mguu kama nilivyoelekezwa hospitali, namlisha, nampa dawa za presha, nafua mashuka. Mume wangu alishatangulia mbele ya haki, na watoto wako Dar es Salaam na maisha yao. Ndani ya nyumba tuko wawili, na wa kunyanyua kitu ni mimi.

Hiyo kompyuta aliileta mwenyewe zamani, alipokuwa fundi umeme wa meli. Mimi nilikuwa bado mwanafunzi. Ilikuwa kibodi tu, nyeusi, nene kama msahafu, na mashine yote ilikuwa ndani ya hiyo kibodi. Unaichomeka kwenye televisheni kupitia tundu la antena, na programu zake unazipakia kwa mkanda wa kaseti. Siku hizo tuliishi Sahare, karibu na bahari, na televisheni yetu ilikuwa ya kunasia matangazo ya Zanzibar, na ya Mombasa hewa ikiwa safi. Majirani walijaa sebuleni kuona maandishi ya kaka yakitokea kwenye kioo. Kila akirudi likizo alikaa nayo mchana kutwa akiifundisha kucheza bao. Ikajifunza, lakini vibaya. Katikati ya mchezo kete zilipotea, mashimo yakawa hayana hesabu, na kaka akaondoka tena baharini kabla hajajua zinapotelea wapi.

Niliikuta juu ya kabati, ndani ya gunia la mchele, chini ya mablanketi ya wageni. Nilipofungua parafujo zake mezani, mayai makavu ya mjusi yakanidondokea mapajani. Ile hewa ya chumvi ya Sahare ilikuwa imefanya kazi yake. Miguu ya vipuri vingi vya ndani ilikuwa kijani kwa kutu, kapasita mbili, vile vikopo vya kutunza chaji, zilikuwa zimevuja, na spika yake ndogo iligeuka unga nilipoigusa. Transfoma yake ilinuka kuungua hata kabla ya kuichomeka. Nikaitazama, nikatamani kuirudisha guniani na kumwambia imekufa.

Lakini kaka alikuwa amelalia ubavu akinitazama kupitia mlango ulio wazi.

Nikaanza polepole. Nilisugua bodi iliyobeba vipuri hivyo kwa mswaki na spiriti, nikafanya kazi nusu saa leo, kesho nikashindwa, keshokutwa nikasinzia chuma cha kulehemu kikiwa mkononi na kuunguza kitambaa cha meza. Vipuri nilivipata kwa fundi wa redio aliye Ngamiani, kijana mpole, ambaye kila nilipoingia dukani aliniamkia, kisha akaniuliza kama bado sijaitupa.

"Shikamoo mwalimu. Bado tu?"

"Marahaba. Bado. Mgonjwa wangu anaitaka."

"Basi mgonjwa akitaka..." akasema, akainama kunitafutia kapasita kwenye makopo yake.

Alinipa transfoma ya kifaa kingine, tukaipima pamoja, na taa ndogo ya majaribio niliyoiunga kwenye bodi ikawaka. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha kidogo. Ikaishia kwenye televisheni. Ile ya chogo, ya wakati ule, ilishakufa zamani. Tuliyonayo sasa ni bapa, na kwa njia ya antena ilionyesha mvua tupu na kivuli cha herufi kinachokimbia. Nilijua la kufanya. Ndani ya kompyuta mna kisanduku cha bati kinachogeuza picha kuwa mawimbi ya antena. Ukikiondoa na kuichukua picha kabla haijaingia humo, unaweza kuipeleka moja kwa moja kwenye tundu la njano la televisheni.

Nilipomwambia kaka, akakataa.

"Usi... usikate."

"Kaka, bila hivyo hutaona kitu."

"Usikate! Iache... ilivyo."

Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri. Nilikuwa nimesahihisha madaftari ya darasa zima, nimefua, nimepika, na wali bado ulikuwa sahanini kwa sababu aliugomea. Nikamwambia, kwa sauti ambayo jirani lazima aliisikia, kwamba kama anaitaka ilivyokuwa basi ainuke aitengeneze mwenyewe. Aligeuza uso ukutani, nami nikaenda kukaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikakaa tu, mikono mapajani, hadi mbu waliponirudisha ndani.

Kesho yake hatukuizungumzia. Siku iliyofuata nilimkalisha kitini kwa mito, nikamwekea sinia mapajani, na juu ya sinia nikaiweka ile bodi ikiwa wazi. Aliiangalia muda mrefu. Kisha kidole chake cha kushoto kikatoka, kikitetemeka, kikafuata njia za shaba mpaka mahali pamoja kando ya kile kisanduku cha bati.

"Hapa," akasema. "Picha... hupita hapa."

"Nikate hapa?"

Akafikiri. "Bati... usitupe."

"Sitalitupa."

Nililiweka kwenye mtungi wa kioo juu ya kabati lake, akalihakikisha kwa macho, ndipo nikalehemu waya. Kwa kuwa spika ilikuwa imeoza, sauti nayo niliipeleka huko huko kwenye televisheni.

Tabu iliyobaki ilikuwa vitufe. Vya asili ni vya mpira, vidogo, vimebanana, na alama nyingi zinataka ubonyeze viwili kwa pamoja. Kwa mkono mmoja unaotetemeka haiwezekani. Alijaribu, akabonyeza vitatu kwa mpigo, akaondoa mkono kana kwamba ameungua. Fundi wa Ngamiani alikuwa na boksi zima la vitufe vya kengele za mlangoni ambavyo havinunuliwi. Nikavichukua, nikavipanga juu ya ubao mpana kama wa kukatia mboga, nikaandika herufi kwa rangi ya kucha, na badala ya kitufe cha kushikilia nikafunga swichi ya taa ya ukutani. Ukiiwasha, ni kama umekishika. Nilizichukia zile nyaya. Kila kitufe kilitaka mbili, na kila niliposimama kumgeuza kaka nilisahau nimefika wapi. Macho yangu hayaoni karibu tena kama zamani, na mgongo, nikiinamia meza, ulikuwa unaniambia umri wangu.

Siku ilipowaka ilikuwa mchana wa Jumamosi. Kioo kilikuwa cheupe, na chini pembeni mstari mdogo wa maandishi. Ni hayo tu. Nilidhani nitalia au nitapiga vigelegele, lakini nilikaa kitandani pembeni yake, nikavua viatu. Kaka alicheka kwa upande mmoja wa uso, ule unaocheka.

Mkanda wa ile programu ya bao, niliouokota kwenye lile gunia, ulikuwa na ukungu. Niliufuta kwa pamba, nikaucheza mara moja kwenye redio ya kaseti ya jirani na kuurekodi kwa simu, halafu nikaunga simu na kompyuta. Kelele za kukwaruza, ambazo ndizo programu yenyewe, zikajaa chumba. Mara mbili ikagoma. Mara ya tatu likatokea bao, safu zake nne za mashimo, zimechorwa na kijana aliyekuwa na mikono yote miwili. Wakacheza, yeye na mashine. Kete zikapotea vile vile.

"Mjinga," kaka akaiambia, kwa furaha.

Tangu hapo kila jioni alitaka awekewe. Alisoma mistari ya programu yake na kulitafuta lile kosa, herufi moja baada ya nyingine. Siku nzuri aliandika mistari miwili. Siku mbaya alisahau alichokuwa akitafuta, akausukuma ubao, nami nikauokota.

Kisha ikaja siku ya wali. Nilikuwa nimebandika chungu jikoni, nikaja kukaa naye dakika chache, na usingizi ukanichukua nikiwa nimekaa, kichwa ukutani. Kaka alisikia harufu ya kuungua. Aliniita, lakini jina langu ni miongoni mwa maneno ambayo siku nyingine hayamtoki, na mkono wake haukunifikia. Nilichosikia mimi ni mlio mkali kutoka kwenye televisheni, ukakatika, ukalia tena, ukakatika. Nikafumbua macho. Alikuwa ameinamia ubao, anabonyeza amri ya sauti, jasho linamtoka.

"Ji... jikoni," akasema.

Moshi ulikuwa umeshafika kwenye korido. Chungu kilikuwa cheusi na kitambaa kando ya jiko kilianza kushika moto. Nikakizima kwa maji, nikafungua madirisha, nikarudi kwake. Tulikula mkate na chai. Hakuna aliyesema asante, wala yeye hakunilaumu kwa kulala.

Sasa ameizoea. Akitaka maji, mlio. Akitaka kugeuzwa, mlio. Nikiwa uani nafua nausikia, nakunja uso, nakwenda. Kwa nyaya zangu mwenyewe nimejitengenezea kengele ya kuitiwa, na siku nyingine natamani niichomoe ukutani. Kosa la kete hajalipata. Nadhani halitafuti tena kwa haraka.

Juzi mlio ulilia mara nyingi mfululizo. Nikaacha povu kwenye beseni, nikakimbia, nikijua ameanguka. Nilimkuta amekaa vizuri kabisa, mito yake mahali pake, chai yake haijamwagika.

"Kuna nini, kaka?"

Alitafuta neno kwa muda. Nikangoja, mikono inadondosha maji sakafuni.

"Kaa," akasema. "Umesimama... sana."

Nikajifuta mikono kwenye kanga, nikakaa.