Barafu Isiyochunguliwa

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida, mke wangu alikaa kwenye kigoda kando ya friza, anafunga maji kwenye vifuko vya nailoni. Anazungusha shingo ya kifuko, anapiga fundo, anakiweka. Redio ilikuwa hapo juu ya meza. Ikasema kuna kidude cha barafu, mbali kupita sayari zote kubwa, kinalizunguka jua taratibu. Mzunguko mmoja unakula mamia ya miaka. Ukiwa huko, jua lenyewe unaliona kama nyota tu.

"Umesikia, mzee wangu?" akaniuliza. "Kumbe nina mwenzangu huko juu. Naye kazi yake barafu."

"Anamuuzia nani?"

"Hauzi. Ndiyo maana hajafilisika."

Tukacheka. Nikainua mfuniko nione kama ya jana imeganda. Akanifukuza.

Mtaa mzima ulimwita Mama Barafu. Magoti yangu yalipokataa kubeba mizigo, barafu yake ndiyo iliyosomesha binti zetu. Aliamka kabla ya wote, akachemsha maji, akayaacha yapoe, ndipo akayafunga. Mikono yake ilikuwa baridi hata wakati wa joto kali. Akitaka kuniamsha aliniwekea shingoni. Hakuwa mtu wa maneno ya mapenzi. Mimi pia simo.

Siku ile kila mteja alipewa habari za yule mwenzake wa huko juu. Mama mmoja muuza samaki akamtania, "Muagize atushushie kipande, Mama Barafu! Hii yako inayeyuka kabla sijafika sokoni."

"Nauli yake hatuiwezi, mwanangu."

Jioni akasema kifua kinambana. Alifia njiani, hospitali tunaiona.

Baada ya maziko wateja walirudi kwa haya, wakachukua barafu iliyobaki. Kifuko kimoja sikukitoa. Fundo lake lilikuwa la mkono wake. Nilitaka kikae humo mpaka nami niondoke. Basi ikawa kazi yangu kuinua mfuniko nikitazame. Nikiamka, nikitoka kuoga, nikikosa la kufanya. Mtu akinikuta, nasema naangalia kama umeme upo.

Juzi umeme ukakatika mchana kutwa. Friza ikifungwa inavumilia, nimeishi na muuza barafu, hilo nalijua. Nikafungua. Nikafunga. Nikafungua tena, nikakibonyeza nione kama kingali kigumu. Muuza samaki alinikuta nimekishika mkononi, maji matupu yananing'inia, fundo bado limekaza.

"Mzee, na hicho mbona hukuniuzia?"

Akanitazama usoni, utani ukamwisha. Akasema polepole, kama anambembeleza mtoto, "Umeme ukirudi kitaganda tena, baba."

Masikio yakaniwaka kwa aibu. Kitaganda, ndiyo. Lakini hiyo itakuwa barafu yangu, si yake. Ya kwake nimeiyeyusha mimi, mzee mzima na mvi zangu, kwa kuichungulia. Nilitamani hata yule muuza samaki aninunie, kuliko kunionea huruma.

Na sina pa kujitetea, maana niliambiwa. Asubuhi ile ya redio, mfuniko ukiwa mkononi mwangu, alinipiga kikofi akasema:

"Kile cha mbali kimedumu kwa sababu hakuna wa kukichungulia. Ukipenda barafu, mzee wangu, funga mfuniko."